Ukurasa wa Tatu

Mashine ya fotokopi pale stendi ya Uyole
ilikuwa inaishiwa wino siku ile,
hivyo muhtasari wangu wa kozi, kurasa sita, shilingi mia sita,
una ukurasa mmoja uliofifia kama jua la Juni.
Wa tatu.
Nimeusogeza kwenye taa, nimeuinamisha,
naona "Mada ya Nne: M...nzi wa La...o",
naona "asilimia",
na chini kabisa, wazi kuliko vyote,
muhuri wa mwenye duka na namba yake ya simu.

Mtihani ni Jumatatu, saa tatu asubuhi.
Leo Jumamosi. Baridi imeingia mpaka kwenye unga.

Nikampigia Ambakisye, akacheka:
"Lugano, hiyo ni Mlinzi wa Lango!
Yule anayeamua habari ipi ipite, ipi ilale nje.
Eleza, toa mfano, alama zako hizo."
Mfano upi?
Salio likakata.

Nyumbani Isongole redio ilikaa kabatini,
na ufunguo wa kabati ulikaa kwenye koti la baba.
Taarifa ya habari: sauti juu.
Matangazo ya vifo: juu zaidi, hakuna kutafuna.
Muziki: anazima. "Betri hazichipui kama migomba."
Mama alitaka kitu kimoja tu, bei za mazao,
ajue viazi vinauzwaje huko mjini
kabla dalali hajaja na bei yake mfukoni.
Zilisomwa saa kumi na moja jioni.
Saa kumi na moja jioni koti lilikuwa kilabuni.
Mwaka ule tulitoa magunia manane
kwa bei ya dalali.

Nimeandika pembeni kwa penseli:
*mlinzi wa lango anaweza kuwa amevaa koti.*
Sijui kama msahihishaji ataipokea.

Mada ya Pili imetoka vizuri.
Mtumaji, ujumbe, mkondo, mpokeaji, mishale katikati,
na juu yake neno "kelele" limening'inia kama wingu.
Dokta Kyando alituambia kelele si lazima isikike,
hata njaa ni kelele, hata hofu.
Sawa. Lakini mimi nimekulia chini ya bati, Rungwe,
ninayoijua inasikika.
Usiku ule tangazo liliposomwa, mvua ikalimeza jina.
Tulisikia "wa Ileje". Tulisikia "mazishi kesho, saa nane".
Katikati ya hapo, mvua.
Tukabaki tunatazamana kwenye mwanga wa kibatari,
kila mmoja akihesabu kimoyomoyo watu wetu wa Ileje.
Baba akakimbilia kwa jirani;
jirani naye ana bati.
Jina lilifika alfajiri, kwa miguu, limelowa:
shangazi Tusekile.

Mchoro unasema mshale wa mwisho ni mrejesho.
Sikumbuki tuliurudisha kwa nani.

Jumapili mama amepiga mwenyewe. Siku hizi ana simu,
ya tochi, anaifunga kwenye pindo la kanga.
"Huo mtihani wenu wanauliza nini?"
Nikamkaririshia nilivyokesha navyo:
nani kasema, kasema nini, kwa njia ipi,
kamwambia nani, kukatokea nini.
Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuku wake.
"Mwanangu, ada yote ile, kumbe ni umbea?"
Nikacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.
"Na aliyenyamazishwa," akasema, "hawamuulizi?"

Nimepekua kurasa zote sita.
Malengo ya kozi. Mahudhurio. Adhabu ya kuchelewesha kazi.
Hayumo.

Labda yumo ule wa tatu, mahali wino ulipokata.
Pana nafasi ya kutosha pale.
Nimechonga penseli.